Bibi Hali, Mjukuu Hatoi Mvuke: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Filamu Fupi

Swali la kwanza la mwezi huu ni refu, na kwa kuwa limebeba ndani yake mambo ambayo wasomaji wengine wameyauliza vipande vipande, nimelipa nafasi kubwa kuliko ilivyo desturi ya ukurasa huu. Mengine nimeyajibu kwa kifupi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana wanne wa Uyole, Mbeya. Tumetengeneza filamu ya bunilizi ya kisayansi yenye dakika 12 kwa kutumia simu mbili na kamera moja ya kuazima, na tuliipiga mwezi Julai, asubuhi na mapema, baridi ikiwa kali. Hadithi ni ya miaka mia moja ijayo. Bibi na mjukuu wake wa kike wanaishi peke yao katika nyumba iliyo juu ya mlima Loleza, na mji chini yao umebaki mtupu. Bibi hupika kila jioni lakini haonekani akila. Katika dakika ya pili tumeonyesha waya nyuma ya sikio la bibi, kwa picha ya karibu, huku ngoma nzito ikipigwa. Mwishoni mjukuu anaanguka, na sauti inaeleza kwamba yeye ndiye mashine, na kwamba virusi vilibadilisha kumbukumbu zake ili ajione binadamu. Kuna pia kichekesho kidogo: kila asubuhi bibi humsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile?", naye hujibu, "Saa nane na dakika kumi na mbili," na watu hucheka sana. Tulipoionyesha katika ukumbi mmoja Mwanjelwa, nusu ya watazamaji walisema walijua tangu mwanzo kwamba mle ndani kuna roboti, na nusu nyingine walisema tumewadanganya. Inawezekanaje filamu moja iwe wazi mno na wakati huohuo iwe ya kudanganya? (Wanne wa Uyole)

JIBU: Marahaba, wanangu. Hongereni kwanza kwa kumaliza kazi, maana nyumba za Mbeya zimejaa skripti zilizoishia ukurasa wa tano, na mojawapo ni yangu.

Watazamaji wenu wa pande zote mbili walisema kweli. Aliyejua mapema alijulishwa na waya. Mlipousogelea na kuupigia ngoma, mlimlazimisha mtu ajiulize kwa nini anaonyeshwa kitu kile, na kwa kuwa ndani ya onyesho lenyewe hapakuwa na jibu, yaani bibi haugusi, mjukuu haulizi na waya haumzuii mtu kufanya lolote, alikwenda kutafuta jibu nje ya onyesho akalikuta lenu limesimama mlangoni. Aliyelalamika kwamba amedanganywa naye alikuwa na haki, kwa sababu vile virusi viliingia dakika ya 11 bila hata kupiga hodi. Kwa hiyo mlikuwa na dokezo lisilo na kazi nyingine isipokuwa kudokeza, na mlikuwa na jibu lisilo na dokezo lolote, na vyote viwili vikakutana katika dakika 12.

Fikirini kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Anayetega hasemi uongo hata kidogo, kwa kuwa yai halina mlango kweli. Anachofanya ni kulitanguliza neno "nyumba", na wewe mwenyewe, bila kushikwa mkono, unaanza kutafuta matofali na mabati. Ukishindwa ukampa mji, akakuambia ni yai, hukasiriki. Unacheka, kisha unakirudia kitendawili kimoyomoyo na kukuta kila neno lilikuwa mahali pake. Sasa mchukueni mtegaji anayesema nyumba yake haina mlango, halafu anajibu kwamba ni nyumba ya mjomba wake ambayo mlango wake uliibwa jana usiku. Mtoto wa darasa la pili atamkatalia na kudai mji wake urudishwe. Ukumbi wa Mwanjelwa ulikuwa unadai mji wake.

Ninachowashauri, na ndicho nitakachokirudia hadi mchoke nacho, ni kwamba kila dokezo lipewe ajira nyingine inayoonekana. Lichekeshe, au lieleze baridi, au lionyeshe jinsi watu wawili wanavyopendana, au lisukume tukio mbele. Mtazamaji akishapata sababu moja inayomtosha ya kitu kuwepo mbele ya kamera, kwa kawaida hatafuti ya pili, na hapo ndipo kibao kinapopata nafasi ya kugeuka bila mtu kusema ameibiwa.

Sijaona mfano unaoishinda filamu fupi ya Kifaransa La Jetée ya Chris Marker, ya mwaka 1962, yenye dakika 28. Karibu yote imeundwa kwa picha mnato zilizopangwa mfululizo, na msimulizi akizungumza juu yake, kwa hiyo msiniambie kwamba kamera ya kuazima ndiyo iliyowaangusha. Inaanza katika uwanja wa ndege wa Orly, Paris, ambako mtoto anauona uso wa mwanamke mmoja na, palepale, anamwona mwanamume akifa. Baadaye vita ya tatu ya dunia imeiteketeza Paris, manusura wanaishi chini ya ardhi, na mtoto yule, sasa mtu mzima na mfungwa, anachaguliwa kupelekwa katika wakati uliopita kwa sababu kumbukumbu ile imemganda kichwani kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwishoni anarudi Orly, anamkimbilia yule mwanamke, anauawa, na anaelewa kwamba mwanamume aliyemwona akifa utotoni alikuwa yeye mwenyewe. Angalieni jibu liliwekwa wapi. Liko wazi katika dakika za kwanza kabisa, mbele ya macho yetu wote. Lakini onyesho lile lilikuwa na ajira: lilitueleza kwa nini ametumwa mfungwa huyu na hakutumwa mwingine, na sisi tukaridhika na maelezo hayo, tusiulize marehemu ni nani.

Bunilizi za kisayansi zina mzigo wake pia. Hadithi inayotokea leo katika soko la Mwanjelwa inamkuta mtazamaji akiwa na kanuni zote mkononi: aliyekufa harudi, na bajaji hairuki. Katika nyumba yenu ya Loleza hajui chochote, na kila kanuni anaipata kwenu, kwa hiyo kanuni ambayo jibu limeegemea ni lazima aipate kabla ya jibu, na mapema iwezekanavyo. Hiyo ndiyo hasara. Faida yake ni kwamba mtu huyohuyo, kwa sababu ana njaa ya kuijua dunia yenu, hupokea kila kitu cha ajabu kama samani ya nyumba, na dokezo linaweza kukaa katikati ya samani hizo bila kutazamwa mara mbili. Mkenya Wanuri Kahiu alifanya hivyo katika Pumzi, filamu fupi ya mwaka 2009 yenye dakika 20 na ushei. Ardhi ya nje imekauka, watu wamejifungia ndani, na hata jasho na mkojo husafishwa ili vinywewe tena. Mwanzoni jambo hilo linapita kama desturi ya mahali. Asha anapokuwa peke yake jangwani na mche wake, akiupa maji yake ya mwisho na jasho lake, ndipo tunapotambua kwamba thamani ya jasho lile tulishafundishwa mapema, tukidhani tunaonyeshwa mapambo.

Sasa turudi Loleza, tuifanyie kazi filamu yenu kipande kwa kipande.

Ile sauti ya mwisho ningeiondoa pamoja na virusi vyake, na ngoma ningeinyamazisha. Waya ningeuacha. Uwe ni kifaa cha kumsaidia bibi kusikia, naye asisikie vizuri upande wa kushoto, kiasi kwamba mjukuu amezoea kuzunguka upande wa kulia kila anapotaka kusema jambo. Msieleze, mwonyesheni binti akizunguka. Watazamaji wajanja bado watamshuku bibi, hasa kwa kuwa haonekani akila, nanyi waacheni wamshuku, maana mtu aliyekwisha kuridhika kwamba mwizi amepita mlango wa mbele halindi tena mlango wa nyuma.

Kanuni ya dunia yenu iingie kupitia redio. Dakika ya pili redio iwe mezani, na tangazo lipite kwamba wenye watoto wa kuazima wanakumbushwa kuwapeleka kituoni kila baada ya siku saba. Mara sauti inafifia. Bibi anafungua tochi, anatoa betri, anaitia kwenye redio, kama bibi zetu walivyokuwa wakihamisha mawe kutoka tochi kwenda redio na kuyaanika juani yakichoka. Kila mtu ukumbini atatabasamu kwa kumkumbuka bibi yake, na wakati anatabasamu atakuwa ameshapokea mambo mawili asiyojua kwamba ameyapokea: kuna watoto wasio watoto, na katika nyumba hii betri ni ya aina moja kwa kila kifaa.

Halafu ule mvuke. Hili nimelifurahia kuliko yote, kwa kuwa Mbeya inawapa bure kitu ambacho watu wa Dar es Salaam wangelazimika kukitafuta kwa kompyuta. Bibi anatoka nje alfajiri, khanga juu ya sweta, anapuliza viganja, na mvuke unamtoka mdomoni. Mjukuu yuko kando yake na fulana nyepesi. Anasema sentensi moja tu, na mbele ya mdomo wake hakuna mvuke. Ajira ya onyesho hili ni ugomvi wa khanga: bibi anamfunika, yeye anaivua, bibi anamgombeza kwamba atapata kichomi. Macho ya mtazamaji yatakuwa kwenye khanga. Mwigizaji wenu anyonye kipande cha barafu kabla ya kamera kuwaka, kwa kuwa kinywa kikipoa pumzi haitoi mvuke kwa muda mfupi, na ndiyo maana nimesema sentensi moja. Msiusogelee mdomo wake. Kama mmoja kati ya watu kumi ataona, inatosha.

Sahani nayo. Mmeonyesha kwamba bibi hali, lakini je, mjukuu mnamwonyesha akila? Nina hakika hamkumwonyesha, kwa kuwa mlijua mwisho. Basi liwekeni jambo hilo sawasawa: sahani moja ya ndizi mbele ya binti, kijiko mkononi mwake, picha inakatwa, kisha asubuhi bibi anaosha sahani na kusema, "Sahani imekwisha." Angalieni nilivyochagua maneno. Bibi akisema "Mjukuu wangu umekula vizuri", atakuwa amemdanganya mtazamaji, na mtamlipa faini siku ya kuonyesha. Akisema sahani imekwisha, amesema kweli tupu, aliyeimaliza hakutajwa.

Na kuhusu "Ugonile", dokezo bora kuliko yote mnalo tayari mkidhani ni kichekesho. Salamu ile, kwa maneno yake, inauliza kama umelala. Binti anajibu kwa saa na dakika, watu wanacheka kwa sababu anaonekana mtoto mwenye ujuaji, na kicheko ndicho kinachokaa juu ya dokezo na kulifunika. Msiliguse.

Kibao kigeuke dakika ya tisa, msisubiri sekunde ya mwisho. Asubuhi bibi anauliza, "Ugonile?" Kimya. Anarudia. Anamgeuza binti, anafunua kisogo, na tunaona kijumba cha betri kama kile cha tochi. Redio ilishakufa jana, tochi imezimika. Bibi anakaa kidogo, kisha anapeleka mkono nyuma ya sikio lake, anauvuta ule waya, anatoa betri ya kifaa chake na kumtia binti. Binti anafumbua macho na kujibu saa na dakika kama siku zote, nasi tunamsikia, lakini bibi hasikii. Anamtazama midomo. Jioni, binti akiwa ameketi kimya pembeni, bibi anavuta ile sahani iliyopoa na kuanza kula.

Mnaona kwamba waya uliowaaibisha Mwanjelwa ndio sasa unaobeba mwisho. Na mnaona kwamba baada ya kugeuka bado kuna dakika tatu za filamu. Nimechoshwa na filamu fupi zinazogeuza kibao, zinapiga kishindo, halafu skrini inakuwa nyeusi, kana kwamba mtengenezaji ametupa jiwe dirishani akakimbia. Vilevile msirudishe madokezo yote kwa mbinu rejeshi ili kumthibitishia mtu kwamba mlikuwa mmeyaweka. Atayarudisha mwenyewe akiwa kwenye daladala.

Kabla ya kuionyesha tena ukumbini, mwonyesheni mtu mmoja mmoja, watano au sita, isimamisheni dakika ya nane, na mwambieni kila mmoja aandike anachodhani. Wakiandika kwamba bibi ni roboti, lalini usingizi. Akitokea aliyeandika kwamba ni binti, muulizeni ni kitu gani kilichomwambia. Akitaja mvuke, mpeni mkono na msibadilishe kitu, ana macho. Akitaja muziki, ondoeni muziki.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, salaam. Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja hapa Kihesa, Iringa, na wanafunzi wangu wanachanganya dokezo na taharuki kila mtihani. Wanatofautishaje? Na je, jina la mwamba wetu wa Gangilonga linaweza kutumika kama dokezo katika filamu? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Salaam, mwalimu. Kuhusu taharuki, mwongozaji Mwingereza Alfred Hitchcock, katika mazungumzo marefu aliyoanza na mwenzake Mfaransa François Truffaut mwaka 1962, alitoa mfano ambao wanafunzi wako hawatausahau. Watu wanazungumza mezani, bomu lililo chini ya meza linalipuka ghafla, na mtazamaji anapata sekunde 15 za mshtuko. Lakini akionyeshwa bomu na saa mapema, mazungumzo yaleyale ya kipuuzi yanampa dakika 15 za taharuki, kwa sababu anataka kuwapigia kelele watoke. Kwa hiyo katika taharuki mtazamaji ana habari na anajua kwamba anayo, mara nyingi kumzidi mhusika. Katika dokezo ana habari na hajui kwamba anayo. Mpe mwanafunzi bomu lilelile na umwambie alitengenezee dokezo: haraka ataona kwamba haruhusiwi kulionyesha kama bomu, ila anaruhusiwa kuonyesha, tuseme, mhudumu anayeinama kuokota kijiko na kuchelewa kidogo kuinuka.

Gangilonga ni mfano mzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu jina hilo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na hivyo filamu moja itakuwa na watazamaji wa aina mbili. Kwa mtu wa Mtwara ni jina la mahali kama Miyomboni au Ipogolo, na mwamba ukinena mwishoni ataruka kitini, kisha akiambiwa maana ya jina atakubali kwamba alikuwa amepewa. Kwa mtu wa Iringa hakuna mgeuko wowote. Yeye anausubiri mwamba uzungumze tangu dakika ya kwanza, na alichonacho ni taharuki. Mtengenezaji wa huko kwenu asijivunie basi kuliongelesha jiwe. Kibao chake akiweke katika jambo ambalo hata Mhehe hajui: jiwe linamwambia nani, au limekuwa likisema muda wote kwa lugha ya mashine ambayo vifaa vya wachimbaji pekee ndivyo vilivyokuwa vikiinasa kama kelele. Kelele hizo, bila shaka, ziwe zimewaudhi watu mapema, na fundi aitwe kuja kutengeneza kifaa kibovu.

SWALI: Ndugu Mwalimu, niko Vwawa. Nataka kutengeneza filamu ya dakika nane ambayo mwisho wake igundulike kwamba Kimondo cha Mbozi ni yai la viumbe wa anga. Nianze kudokeza vipi? (Msomaji, Songwe)

JIBU: Anza na kilichopo, ndugu yangu, kwa kuwa kimondo kile kimekufanyia nusu ya kazi. Kipo Ndolezi, kina urefu wa mita 3 hivi, sehemu kubwa ni chuma, kiliingia katika maandishi ya wataalamu mwaka 1930 ingawa wenyeji walikuwa wakikijua zamani zaidi, na jambo linalowashangaza wageni wengi ni kwamba hakuna shimo linalojulikana la mahali kilipoangukia. Kitu kizito namna ile kimetoka angani na hakikuacha shimo. Wataalamu wana maelezo yao, lakini filamu yako haihitaji kuyavuruga. Inahitaji tu mwongoza wageni aliyechoka, anayekariri habari zake kwa sauti ya kila siku, na miongoni mwa urefu, uzito na mwaka anataja kwamba shimo halipo, huku wageni wakijipiga picha na mtoto mmoja akilia njaa. Habari imetolewa, ni ya kweli, na ajira yake ni kuonyesha uchovu wa mtu kazini. Jibu lako likija, kwamba kitu kile hakikuanguka ila kilishushwa taratibu, mtazamaji wa Mbozi ambaye amelisikia jambo hilo tangu shuleni atashikwa kuliko mwingine yeyote.

Nakiri kwamba nilijaribiwa kukushauri mtoto yule atege kitendawili cha nyumba isiyo na mlango. Usifanye hivyo. Jibu lake Waswahili wote wanalijua, na yai lako litakuwa limepigiwa ngoma kama waya wa vijana wa Uyole. Jambo la mwisho ni la nje ya sanaa: kile ni kumbukumbu ya taifa inayolindwa, kwa hiyo omba kibali kabla ya kupeleka taa na waigizaji, na tukio la kupasuka lifanyieni kwenye kimondo cha karatasi na udongo.

SWALI: Mwalimu, kila mtu anajua steringi hafi. Nikimuua wangu dakika ya tatu, si kibao kitakuwa kimegeuka? (Kijana wa Makambako)

JIBU: Kitakuwa kimeanguka tu, labda kama kuna mtu wa kukiokota. Imani ya kwamba steringi hafi ni mali kubwa, kwa sababu mtazamaji wa kibanda umiza hukaa raha mustarehe akijua nani atabaki, na unaweza kuitumia raha hiyo dhidi yake. Lakini akifa mtu wako katika dakika ya tatu na filamu ikabaki haina mwenyewe, watu watatoka kununua karanga. Hakikisha atakayeichukua hadithi alikuwa tayari ndani ya picha kwa dakika zote tatu akifanya kazi inayoeleweka, tuseme ndiye aliyekuwa akiendesha gari au akishona nguo ya anga ya steringi. Kisha tazama upya dakika hizo tatu: zikionekana ni habari za fundi cherehani ambaye mteja wake amekufa, umefaulu.

SWALI: Mimi nina kibanda cha kuonyesha filamu Tukuyu. Napenda kuonyesha kazi fupi za vijana wa huku, lakini DJ wangu, aliyezoea kutafsiri filamu za nje, hawezi kunyamaza hata filamu ikiwa ya Kiswahili. Husema, "Mwangalieni huyu, ndiye atakayemsaliti," na kila mara huwa amepatia. Vijana wamenuna. Nifanyeje? (Mwenye kibanda, Rungwe)

JIBU: Usimfukuze, ndugu yangu, kwa kuwa una hazina hapo. Mtu aliyetumia miaka akiongea juu ya filamu za watu wengine amejifunza kunusa mahali ambapo mtengenezaji ameshindwa kujizuia. Wiki moja kabla ya onyesho, waite vijana wakae naye mchana kibanda kikiwa kitupu, filamu iwashwe, yeye apewe kipaza sauti na wao wapewe daftari. Kila anapofungua mdomo kabla ya tukio, waandike dakika na sekunde, kisha wamuulize alichokiona: ni jicho la mwigizaji, ni picha iliyokaa mno, au ni kinanda. Warudi nyumbani wakahariri. Siku ya onyesho lenyewe, watu wakishaingia na kulipa, mtume DJ akafuate soda, na kipaza sauti kibaki kwako.